Macho Huku, Tafadhali

Simu ilipigwa Jumamosi mchana, familia ya Uozumi ikiwa mezani inakula tambi za moto. Kabla mzee Sadaharu hajaiweka chini, Chizuru, mke wa mwanawe, alikwisha kujua kwamba lolote lililosemwa upande wa pili litamwangukia yeye. Mzee alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yake yakimpima mkwewe kuanzia nywele hadi magoti, kama mtu anayetazama kabati na kujiuliza litapita mlangoni au litakwama.

Mzee Sadaharu alikuwa mwenyekiti wa chama cha picha cha Tatsuno. Kesho yake wanachama, pamoja na wageni wa kutoka Himeji na Ako, walikuwa wakutane kwenye kilima cha miplamu, maana maua yalikuwa yamefunguka vizuri mwaka ule, wapige picha za wanamitindo wawili mchana kutwa. Sasa mmoja wa wasichana hao alikuwa kitandani na homa ya mafua. Watu wote wale wamzunguke msichana mmoja peke yake? Mzee alisema hiyo itakuwa fedheha ya kusimuliwa mpaka Kobe.

"Mama Honoka atasimama," alisema. Hakumwambia Chizuru mwenyewe. Alimwambia mwanawe, Kohei.

Kohei alimeza tambi zilizokuwa mdomoni. "Baba, hajawahi kuifanya kazi hiyo."

"Kusimama tu. Nani hajawahi kusimama?"

Mama mkwe, Fusae, alimwongezea mumewe chai ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa nusu.

Mzee akaendelea, sasa kwa sauti ya chini kidogo, kwamba Bwana Maruo naye atakuwepo. Kila mtu pale mezani alijua maana ya hayo. Kiwanda cha mikoba alichokuwa akifanya kazi Kohei kilikuwa kimefungwa tangu Novemba, majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, na yeye na mkewe na binti yao Honoka, wa miaka mitano, walikuwa wamehamia ghorofani kwa wazazi, kwa muda, kama ilivyosemwa siku ile. Bwana Maruo alikuwa na kiwanda cha tambi na alikuwa anatafuta msimamizi wa ghala. Mzee alikwisha kumpenyezea neno. Mwomba chumvi, alisema, huombea chungu chake.

Chizuru akajibu kama wajibuvyo wake za watu katika nyumba kama ile. "Sijui kama nitafaa."

"Utafaa," alisema mzee, akarudi kwenye bakuli lake.

Chizuru alikuwa amekataa. Katika nyumba ile hapakuwa na namna nyingine ya kukataa, na namna hiyo moja ilikuwa ikisikika sawasawa na kukubali.

Alasiri ile Fusae alitoa gauni jeupe la bintiye aliyeolewa Nagoya. Lilikuwa gauni la kiangazi, jepesi, na kifuani lilimbana Chizuru mpaka vifungo vikakunja nyuso. Fusae alifumua mshono mmoja, akaushona upya kwa subira, sindano mdomoni. Alimshauri avae fulana ya joto ndani. Mzee, aliyekuwa anapita kwenye korido, alisema fulana itaonekana kwenye picha.

"Basi usivute sana pumzi," Fusae alimnong'oneza, akaukata uzi kwa meno.

*

Jua lilikuwa zuri siku ile, lakini jua la Februari ni la kutazama tu. Upepo ulipanda kutoka baharini, ukapita katikati ya miplamu, ukaingia kwenye gauni la Chizuru kama unaingia kwake. Wanaume walikuwa wamekwisha kufika, wengi wao wastaafu, na fulana zao zenye mifuko kila mahali, ngazi ndogo za kupandia na kamera mbili mbili shingoni. Walikuwa watu wa adabu. Walisalimiana kwa kuinama, wakaulizana habari za magoti na za shinikizo la damu.

Kabla ya kushuka garini mzee Sadaharu alikuwa amegeuka kumwambia mkwewe jambo moja. "Leo usiniite Baba. Watu wakijua wewe ni wa nyumbani watashindwa kufanya kazi yao. Watakuonea haya."

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee alishika kipaza sauti, akasoma masharti: hakuna kugusa, hakuna kusukumana, wa mbele apige magoti ili wa nyuma aone. Kisha akamtambulisha Minori, mwanamitindo kutoka Osaka, nao wakapiga makofi. Akamtambulisha Chizuru kuwa ni dada ambaye bado mgeni katika kazi hii, mwenye miaka ishirini na sita. Chizuru alikuwa na thelathini na tatu. Kijana atakayeshika ubao wa kurudisha mwanga, mzee alisema, ni msaidizi tu. Kohei aliinama pamoja na ubao wake mweupe, mkubwa kama mlango, na upepo nusura umwangushe.

Mmoja tu kati ya wageni ndiye aliyejua ukweli. Bwana Maruo alikuwa amewahi kunywa chai sebuleni kwa Uozumi, na Chizuru ndiye aliyeimimina. Alimtazama, akatabasamu, akainua kidole kidogo kama mtu anayeahidi kutunza siri.

Kisha sauti zikaanza.

"Macho huku, tafadhali."

"Na huku."

"Dada, huku juu, kwenye ngazi."

Chizuru aligeuka kila alikoitwa. Akigeukia kushoto, kulia wanaguna. Akigeukia kulia, aliye juu ya ngazi anasikitika. Baada ya muda mfupi shingo ilikuwa inamuuma na tabasamu limekauka usoni kama uji uliosahaulika. Walimrekebisha kwa upole, mmoja baada ya mwingine. Kidevu chini kidogo. Bega la kushoto. Acheke, lakini asioneshe meno. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alitazama kwenye kioo cha kamera yake, akasogea mbele, akamwambia kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma, "Mikono hiyo, dada. Ifiche nyuma. Ina kazi nyingi."

Chizuru aliificha nyuma. Siku za kawaida alikuwa akifunga vyakula kwenye vibweta katika jiko la kiwanda kimoja, na maji ya baridi yalikuwa yamempasua vidole. Hakuwahi kuionea haya mikono yake kabla ya asubuhi ile.

Kohei alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, hatua mbili tu, amechuchumaa na ubao ili mwanga usionekane unatoka wapi. Kila Chizuru akipepesa macho kwa sababu ya mng'ao ule, alijua ni mumewe. Mara moja alimnong'oneza kwamba anasikia baridi mpaka kwenye mifupa. Kohei alijibu bila kuinua kichwa, "Vumilia kidogo. Chakula kimekaribia."

*

Wakati wa chakula wanamitindo walitengewa hema dogo. Minori alijifunika koti refu mpaka kwenye visigino, akatoa chupa ya supu ya moto, akamgawia Chizuru bila kumuuliza. Hakuwa mrembo sana akiwa amekaa. Uzuri wake ulikuwa kitu anachokivaa na kukivua.

"Usiwatazame wote," alimfundisha. "Chagua kamera moja, hesabu mpaka tatu moyoni, hama. Anayelalamika muache alalamike. Na ukichoka, funga macho useme ndiyo mtindo."

Chizuru akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Hapo hapo akaona, kupitia mlango wa hema, mzee Sadaharu amesimama katikati ya wanaume na birika tupu mkononi, anatazama huku na huku. Hakumwita. Alitazama tu. Chizuru aliinuka, akatoka na gauni lake jeupe, akalichukua birika na kwenda kulijaza, kisha akapita kwa kila mtu akimimina. Wanaume walichanganyikiwa. Wengine waliinuka nusu, wengine wakasema dada asijisumbue. Yule mwenye kofia ya sufu alimsifu kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kumimina chai hivyo.

Aliporudi, Minori alikuwa anamtazama.

"Yule mwenyekiti ni nani wako?"

"Baba mkwe."

Minori akatazama nje ya hema. "Na mshika ubao?"

"Mume wangu."

"Mimi nikisema hapana," alisema Minori taratibu, akifunga chupa yake, "wanaambiwa kampuni imekataza. Hakuna anayenikasirikia. Wewe ukisema hapana, wanaambiwa nani amekataza?"

Nje kipaza sauti kilikuwa kinawaita tena.

*

Ilikuwa baada ya saa nane, mwanga umeanza kulala upande, Bwana Maruo alipoomba apewe nafasi yake. Mwenyekiti alimkubalia, ingawa masharti aliyoyasoma mwenyewe asubuhi hayakuwa na nafasi ya mtu mmoja. Kundi kubwa lilimfuata Minori upande wa pili wa kilima. Chini ya mplamu mzee, uliopinda kama mtu anayetafuta kitu ardhini, walibaki wanne: Maruo na kamera yake, mzee Sadaharu, Kohei na ubao, na Chizuru amekaa kwenye nyasi kavu.

Maruo hakuwa mtu wa makelele. Alimwomba avue viatu. Aliomba vizuri, akasema "samahani" kabla na "asante" baada. Nyasi zilikuwa na unyevu wa barafu iliyoyeyuka, na Chizuru akahisi baridi inampanda kwenye nyayo. Maruo alipiga picha kadhaa, akazitazama, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Kelele za watu zimemchosha. Uso umejifunga." Akamgeukia mzee Sadaharu, kamera ikining'inia tumboni. "Mwezi ujao nitakuwa kwenye nyumba yangu ya mapumziko kule Yumura, kwenye chemchemi. Kuna utulivu sana. Ningependa aje siku mbili, nimpige polepole, bila haraka. Peke yake, maana watu wakiwa wengi hujifunga hivi."

Mzee Sadaharu alicheka kicheko chembamba.

"Na habari za kijana," Maruo aliongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "tutazimaliza mara baada ya hapo. Ghala haliwezi kukaa bila mtu."

Hakumtaja Kohei kwa jina wala hakumtazama, ingawa Kohei alikuwa pale pale, amechuchumaa, mikono yote miwili imeshika ubao.

"Atafurahi kuja," alisema mzee Sadaharu.

Chizuru alimtazama mumewe. Hakutaka ugomvi. Hakutaka aangushe ubao wala amshike mtu shati. Alitaka neno moja, hata kama ni uongo. Angesema mtoto hulala vibaya mama yake asipokuwepo. Angesema siku hizo wana msiba. Angekohoa tu, Chizuru angedaka kikohozi hicho na kukigeuza kuwa maneno. Akangoja. Upepo ulisimama, na petali mbili tatu za maua zilimwangukia kwenye mapaja.

Kohei aliinamisha macho. Kisha mikono yake ikasogea, ikaugeuza ubao kidogo juu, kidogo kushoto, na mwanga uliokuwa shingoni mwa Chizuru ukapanda ukamjaa usoni.

"Hapo," alisema Maruo, kamera tayari jichoni. "Hapo hapo. Usitikisike."

*

Ndani ya gari mzee Sadaharu alizungumza habari za barabara. Nyumbani aliingia kuoga kwanza, kama kawaida yake. Alipotoka na taulo shingoni, alimkuta Chizuru amepiga magoti kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba, mikono imewekwa mbele.

"Baba, kwa Bwana Maruo sitakwenda."

Mzee alionekana kushangaa kweli. "Nani amesema utakwenda? Yale ni maneno ya adabu. Mtu akikwambia njoo, unasema nitakuja. Ndivyo watu wanavyoishi."

"Basi naomba umwambie."

Hapo uso wa mzee ulibadilika. Alisema yeye hawezi. Amefahamiana na Maruo miaka mingi, amwambie nini? Anayekataa ndiye aseme. Fusae alikuwa jikoni, na sauti ya kisu chake juu ya ubao wa kukatia ilinyamaza, kisha ikaendelea. Kohei alikuwa ghorofani anamsomea mtoto kitabu cha picha, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Chizuru alipiga simu mwenyewe Jumatatu wakati wa mapumziko ya kazi, amesimama kwenye ua wa nyuma kati ya masanduku matupu ya mboga. Bwana Maruo alikuwa muungwana kupita kiasi. Alisema hakuna neno, hakuna neno kabisa, yeye ndiye aliyekosa kwa kuomba. Alimwomba awasalimie wote.

Habari za ghala hazikusikika tena. Nyumbani hakuna aliyemlaumu Chizuru kwa mdomo. Ila kila asubuhi, wakati wa supu, mzee Sadaharu alisoma gazeti kwa sauti, ukurasa wa nafasi za kazi, pole pole, kazi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kohei alikula kichwa chini. Honoka alizoea, akaanza kumwigiza babu yake kwa midoli yake. "Anatakiwa dereva. Anatakiwa mlinzi." Hakuna aliyecheka. Aprili Kohei akapata vibarua vya kupanga mizigo, siku tatu kwa wiki, na mzee hakuacha kusoma.

*

Mei ikaja habari kwamba picha ya Bwana Maruo imepata nafasi ya pili katika maonyesho ya mkoa, na itatundikwa kwenye ukumbi wa mji. Mzee Sadaharu alisema familia nzima itakwenda. Asipoonekana mwenyekiti, watasema ana kijicho.

Picha ilikuwa kubwa kuliko Chizuru alivyodhani. Ilifika urefu wa Honoka, na mtoto alisimama mbele yake akajipima. Alikuwa ni yeye Chizuru, miguu mitupu kwenye nyasi, petali kwenye mapaja, uso umejaa mwanga, macho yanatazama kando ya kamera kidogo tu. Chini yake pameandikwa jina la picha: *Utulivu*.

Mwamuzi wa maonyesho, profesa mmoja mwenye nywele nyeupe kutoka Kobe, alikuwa anawaeleza watu. Alisema ametazama picha nyingi za namna hiyo, na nyingi ni msichana na ua. Hii ina kitu kingine. Huyu mwanamke anamtazama mtu anayemwamini, na ametulia kwa sababu ana hakika naye. Wapiga picha waliitikia kwa vichwa. Maruo aliinama kwa unyenyekevu. Ndipo mmoja akamtambua Chizuru, watu wakapisha njia, na profesa akafurahi kama aliyepata zawadi.

"Niambie, bibie. Wakati ule ulikuwa unafikiri nini?"

Chizuru alikuwa amevaa sweta lake la kazini. Mikono yake ilikuwa mbele, na safari hii hakuna aliyekuwa amemwambia aifiche.

"Nilikuwa nangoja mume wangu aseme neno," alisema.

Watu wakacheka kwa upole. Profesa naye akacheka. "Na akalisema?"

"Hapana."

Kicheko kikakatika kisivyo sawa, wa mbele kabla ya wa nyuma. Maruo akajishughulisha na mkanda wa saa yake. Mzee Sadaharu akaingia kati upesi. "Mkwe wangu huyu ana utani sana," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya watu wale, na yule mwenye kofia ya sufu, ambaye pale ukumbini hakuwa nayo, alimtazama mzee, akamtazama Chizuru, akaanza kuelewa aliyekuwa akimmiminia chai ni nani.

Ili kuziba pengo, mtu mmoja alipendekeza bibie asimame kando ya picha yake wapige ya ukumbusho. Kamera zikainuka. Macho huku, tafadhali.

"Leo hapana," alisema Chizuru. "Mniwie radhi."

Aliinama vizuri, chini kabisa, kama alivyolelewa. Alipoinuka, kamera zilikuwa zimeshuka, moja baada ya nyingine, na watu wameanza kuzungumza habari ya picha iliyopata nafasi ya kwanza, iliyokuwa ya korongo. Alimshika Honoka mkono wakatoka nje.

Kohei aliwakuta kwenye ukingo wa mto Ibo. Mtoto alikuwa anatupa vijiwe majini. Hewa ilikuwa na harufu ya mchuzi wa soya kutoka viwandani, harufu ambayo watu wa mji ule huisikia tu wakiwa wametoka safari. Kohei alisimama muda mrefu kabla ya kukaa.

"Nilisikia siku ile," alisema.

"Najua. Ulikuwa karibu kuliko wote."

"Sikujua niseme nini."

"Ungesema *hapana*. Yaliyobaki ningemalizia mwenyewe."

Chizuru hakumhurumia wala hakumkasirikia. Hasira ya Februari alikuwa ameimaliza kwenye masinki ya kazini, asubuhi baada ya asubuhi. Alimwambia kwamba mwenzake wa jikoni amemwonesha vyumba viwili juu ya duka la dobi, ng'ambo ya mto. Vina giza kidogo na mvuke wa pasi unapanda mpaka dirishani, lakini mshahara wake unavifikia bila wa mtu mwingine. Jumanne saa nne anakwenda kuviangalia, yeye na Honoka.

"Baba atasemaje?" Kohei aliuliza.

"Sijui. Sijamuuliza."

"Na mimi?"

"Wewe una miguu," alisema Chizuru, akaenda kumvuta mtoto asikanyage maji.

Jumanne alifika mapema. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto, aliwafungulia, akaenda zake kuendelea na pasi. Chizuru alifungua dirisha, akafungua bomba, akasikiliza maji yanavyoshuka. Honoka alikimbia kutoka chumba kimoja hadi kingine, na kwa kuwa vilikuwa viwili tu alichoka haraka. Chizuru alikuwa anafunga kabati aliposikia ngazi zinalia. Kohei aliingia amevua viatu, uso umemtoka jasho, na futi ya chuma mkononi. Hakusalimu. Alipiga magoti kwenye kona ya jiko, akavuta ile futi kutoka ukutani mpaka mlangoni, akaisoma, akapima tena.

"Friji letu halitaingia," alisema.

"Tutatafuta dogo," alisema Chizuru.